Bahasha ya Watu

Sumbawanga wapo watu wengi wanaojua kutafuta pesa, na wapo wachache wanaojua kuzitunza. Anayejua kuzikimbia ni mmoja tu, naye ni Leonsi. Mimi siongezi chumvi. Nimewaambia watu habari hizi wakacheka, wakasema hakuna binadamu wa namna hiyo. Yupo, anakaa chini ya milima ya Mbizi, na mkewe anaitwa Fransiska, mwanamke ambaye subira yake ingestahili kutangazwa kanisani.

Leonsi ana miaka hamsini na nane. Ni mrefu, mkavu, ana miguu isiyojua kuchoka, na kichwani huvaa kofia ya sufu aliyofumiwa na Fransiska. Hiyo kofia haivui kwa baridi wala kwa joto, ila kanisani na mbele ya mtu wa heshima. Kazi yake ni kuongoza wageni kwa miguu. Anawapandisha Mbizi asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, anawapitisha msituni, wanalala hemani ukingoni mwa mlima, na kesho yake anawateremsha mpaka Muze, kijiji cha bonde la Ziwa Rukwa, ambako jua halina utani na mtu.

Hafanyi kazi hiyo peke yake. Wako watatu kwenye kikundi. Mpishi ni Atusaye, mama wa Kinyakyusa aliyekuja Sumbawanga akimfuata mume mtumishi wa serikali. Mume akahamishwa, Atusaye akagoma kuhama, maana kibanda chake cha chai kilikuwa kimeshakolea wateja. Mpagazi ni Dominiko, mtu wa kijiji cha Kate, mwenye shingo nene na maneno machache. Dominiko ndiye hubeba hema, magodoro na jiko la gesi, na husema neno moja kwa kila kilomita mbili.

Wageni hulipia msitu ofisini, na hulipa kikundi ujira wa safari. Hayo Leonsi hana tatizo nayo, risiti inaandikwa na Atusaye. Balaa lake ni ile bahasha ya mwisho wa safari. Bakshishi. Atusaye huiita tipu, Dominiko huiita asante, na Leonsi haiiti kitu, maana akiiona tu anaondoka.

Huyo mtu amekimbia bakshishi kwa kila njia unayoijua. Kuna Mjerumani mmoja alitoa mkono wenye noti, Leonsi akaushika huo mkono, akautikisa kwa furaha, akaurudisha na noti zake ndani. Kuna kina mama watatu wa Iringa walimtafuta Muze nzima wampe shukrani, kumbe yumo kwenye shamba la mahindi amechuchumaa, anasubiri gari liondoke. Na mwaka juzi watumishi watano wa Dar es Salaam walimnyooshea bahasha iliyonona, akawaambia, "Hapana, hapana, ninyi ni wageni wetu." Wakambembeleza. Akakataa. Wakaondoka nayo, na Dominiko akabaki amesimama na jiko la gesi mgongoni anaangalia vumbi.

"Kaka Leonsi," Atusaye alimwambia siku ile, "wewe ukishiba hewa, ujue sisi wenzako tunakula ugali."

Sasa usidhani Leonsi ni mpumbavu au ni tajiri. Tajiri! Paa lake la jikoni linavuja mwaka wa tatu. Ni malezi tu. Njia ile anayoshuka na wageni ndiyo aliyokuwa akishuka mama yake na kapu la ulezi kichwani, na kuipanda na samaki wa Rukwa. Na mgeni akipita nyumbani kwao, mama yake alimsindikiza mpaka mtoni, akamwonyesha kivuko, akarudi. Mgeni husindikizwa, basi. Leonsi akiwa mdogo alimwona mpita njia mmoja akimpa mama yake shilingi kwa kumsindikiza. Mama alirudi nyumbani amevimba, akasema, "Amenifanya punda." Hilo neno lilimkaa Leonsi rohoni miaka hamsini, na kila akiona bahasha anamwona mama yake amevimba.

Fransiska alikuwa na hoja yake. "Baba Angela," alimwambia mara nyingi, Angela akiwa binti yao wa kwanza, "miaka sita unaongoza wageni. Kuna hata mmoja aliyerudi?"

"Wanatoka mbali."

"Wanaopanda milima mingine hawatoki mbali? Wanarudi kila mwaka, Atusaye ananiambia. Mtu umemkatalia mkono wake, arudi kufanya nini?"

Leonsi akaivuta kofia mpaka masikioni. Swali hilo lilimuuma, kwa sababu kweli hakuna aliyewahi kurudi. Kila kiangazi alikuwa akitazama sura za wageni wapya akitumaini kuona moja anayoifahamu, na hajawahi kuiona.

Kiangazi kilichopita wenzake wakachoka. Walimwita kwenye kibanda cha chai, wakamwekea maandazi mawili mbele, na Atusaye hakuzungusha maneno.

"Alhamisi tunapanda na mtu na mkewe kutoka Dodoma. Yule dada amepanda Kilimanjaro, anajua taratibu zote, kwa hiyo bahasha itakuwepo. Ukiipokea vizuri, umebaki kiongozi. Ukiikimbia, Jumapili tunakaa kikao hapahapa, Dominiko anakuwa mbele na wewe unabeba hema."

"Dominiko haongei," Leonsi akasema.

"Nitajifunza," akasema Dominiko.

Leonsi aliona maandazi yamekuwa mawe. Kutembea mbele ndiyo maisha yake. Yeye ndiye anayejua mti gani mbega wekundu wanaupenda, jiwe gani mama yake alipumzikia, na mahali gani ukisimama unaliona ziwa lote kwa mara ya kwanza, wageni wakasema "Loh!" kwa lugha zao. Hiyo "Loh" ndiyo mshahara wake. Umnyang'anye hiyo umwachie hema la kubeba, si bora umzike?

"Nitapokea," akasema.

Atusaye hakumwamini, na akaamua kumfundisha palepale. Alichukua pakiti tupu ya mbegu za mahindi akaifanya bahasha. Yeye akawa mgeni, Dominiko akawa mume wa mgeni, akasimama pembeni mikono mfukoni, na kusema ukweli alikaa vizuri sana kama mume.

"Simama wima. Usiangalie chini. Unapokea kwa mikono miwili, unasema: Asante sana, napokea kwa niaba ya kikundi. Usiifungue mbele yao, usiipime kwa mkono, na kubwa kuliko yote, miguu yako ibaki hapo ilipo. Haya. Mzee Leonsi, tumefurahi mno, pokea hiki kidogo."

Leonsi akanyoosha mikono. Vidole vikafika karibu na pakiti. Kisha akasema, "Nimesikia mbuzi wa mtu anakula unga wako," akatoka nje.

Hakukuwa na mbuzi. Walirudia mara tisa, na ile ya tisa akafika mpaka "kwa niaba" jasho likimtiririka. Wateja waliokuwa wanakunywa chai wakampigia makofi.

Alhamisi ikafika. Wageni walikuwa Precious, mwalimu wa chuo huko Dodoma, mwanamke wa miaka arobaini hivi mwenye viatu vya mlimani vilivyokwisha kuzeeka kwa safari, na mumewe Jafeti, mpole, mnene kiasi, ambaye magoti yake yalilalamika kwa sauti. Walioana mwaka mmoja tu uliopita, ukubwani, na bado walishikana mikono mahali pasipo na sababu.

"Shikamoo mzee," wakasema.

"Marahaba wanangu. Karibuni Ufipa. Mvae sweta, huku juu tunavaa sweta, tukifika Muze mtataka kuvua hata ngozi."

Safari ilikwenda vizuri kupita kiasi. Mbega wekundu walikuwepo kwenye mti wao. Jafeti aliteleza mara moja tu. Kwenye jiwe la kupumzikia la mama yake, Leonsi alikaa akawasimulia jinsi kapu lilivyoshuka na ulezi likapanda na samaki.

"Kwa hiyo bondeni wao ndio walionunua ulezi?" Precious akauliza.

"Kununua ni baadaye, mama. Mwanzoni ilikuwa ni kapu tu. Mama yangu anampelekea rafiki yake wa Muze ulezi, anamwachia na kapu. Sasa yule wa Muze atalirudishaje kapu la watu likiwa tupu? Ni matusi hayo! Analijaza samaki. Limepanda huku, siku likishuka tena nalo litashukaje tupu? Wale wanawake hawakuachana mpaka wanakufa."

"Na mtu akilirudisha tupu?"

"Hajawahi kutokea mtu wa hivyo," Leonsi akasema, na alisema kwa uso mkavu kabisa.

Precious akaandika kwenye kidaftari chake. Halafu akauliza lile swali. "Mzee, na huku kwenu utaratibu wa bakshishi ukoje? Kilimanjaro walitupa karatasi kabla ya kupanda: kiongozi kiasi hiki, mpishi hiki, mpagazi hiki, na inatolewa mbele ya wote, siku ya mwisho, ili asiwepo wa kulalamika. Huku sikuona karatasi. Sitaki kukosea."

Nyuma yao Dominiko alisimama na mzigo wake wote. Atusaye aliacha kufunga sufuria.

"Huku, mama," Leonsi akaanza, na sura ya mama yake aliyevimba ikamjia, "huku sisi hakuna..."

Dominiko akakohoa. Kikohozi chenyewe, jamani, mbega walihama mti.

"...hakuna karatasi," Leonsi akamalizia. "Lakini huo wa Kilimanjaro unafaa."

Atusaye akamshukuru Mungu kwa Kinyakyusa.

Ijumaa alasiri wakafika Muze, wamelowa jasho, Jafeti anatembea kinyumenyume ili kuyapumzisha magoti. Gari la kukodi lilikuwa limeshatangulia kwa barabara na linawasubiri kivulini, dereva amelala kwenye usukani. Precious akawapanga wote kwa mstari kama anavyopanga wanafunzi wake. Akatoa hotuba fupi. Akamshukuru Atusaye kwa maharage aliyosema hajawahi kula mfano wake, akamshukuru Dominiko kwa mgongo wake, akamshukuru Leonsi kwa macho yake. Kisha akatoa bahasha.

Si bahasha ya kawaida hiyo. Ilikuwa nene, rangi ya maziwa, ukingoni ina mstari wa dhahabu, na juu imeandikwa kwa herufi za maua: Precious na Jafeti. Bahasha kama hizo zilibaki nyingi kwenye michango ya harusi yao, na Precious si mtu wa kutupa vitu.

Leonsi alihisi miguu inataka kwenda zake. Aliiangalia miguu, akakumbuka asiangalie chini, akainua macho akakutana na ya Atusaye, na macho ya Atusaye yalikuwa yamebeba hema. Akanyoosha mikono yote miwili. Akaishika. Akapiga makofi mawili ya taratibu na bahasha ikiwa katikati ya viganja, kama wanavyopokea kwao Ufipa.

"Asante sana," akasema, miguu ikiwa palepale. "Napokea kwa niaba ya kikundi."

Dominiko alifumba macho. Atusaye alitaka kumkumbatia akakumbuka ana masizi mikononi. Wageni wakapanda gari, wakapunga mikono, gari likaondoka. Imekwisha! Miaka sita, na mtu amepokea.

Ingekuwa hadithi fupi kama Leonsi angeiachia hapo. Atusaye aligeuka nyuma kufunga mizigo. Dominiko alikwenda bombani kunawa uso. Leonsi akafungua bahasha, akatoa noti, na kwa kuwa mifuko ya suruali yake ni ya jina tu, akazikunja akaziweka ndani ya kofia, akaivaa. Kisha akabaki ameishika ile bahasha.

Akaigeuza. Akasoma: Precious na Jafeti. Akasoma tena. Hiki ni chombo cha watu, tena kina majina ya wenyewe, kizuri, cha harusi, kimekuja kwake kimejaa. Na wenyewe wanaondoka bila chombo chao! Jana tu kwenye jiwe amewaambia hajawahi kutokea mtu wa hivyo, na leo ndiye yeye. Alisikia aibu ya kweli, kubwa kuliko ile ya kupokea.

Akaangalia kushoto na kulia. Mfuko wa maharage wa Atusaye ulikuwa wazi, yale yaliyobaki, ambayo Atusaye alishayapangia chakula cha jioni nyumbani. Leonsi akachota mkono mmoja, wa pili, wa tatu, bahasha ikavimba vizuri, akaifunga. Halafu akakimbia.

Atusaye aliinua kichwa akaona vitu viwili tu: mgongo wa Leonsi unapanda mlima, na bahasha iliyonona mkononi mwake.

"Mungu wangu! Anairudisha!"

Dominiko akatoka bombani uso una maji.

"Leonsi!" Atusaye akapiga kelele, soko zima likageuka. "Kaka Leonsi, usirudishe! Mkamateni huyo!"

Barabara ya kutoka Muze kwenda Sumbawanga inapanda mlima kwa kona, kona juu ya kona, na siku hiyo mbele ya gari la wageni kulikuwa na lori la mpunga linalopanda kwa kuguna. Njia ya mama yake Leonsi haina kona. Inakwenda moja kwa moja juu, imesimama kama ngazi, na Leonsi aliipanda akiwa na miaka hamsini na nane kama aliyetumwa na mama mwenyewe. Nyuma yake alikuja Dominiko. Nyuma ya Dominiko alikuja Atusaye na sufuria mkononi, amesahau kuiweka chini, anatukana kwa lugha mbili.

Kwenye kona ya tatu Leonsi alitokea vichakani akasimama katikati ya barabara, bahasha juu. Dereva akafunga breki. Precious akashuka, akaiona bahasha yake, na uso wake ukabadilika.

"Mzee," akasema polepole, "ni ndogo?"

Leonsi alitaka kujibu, pumzi haikumruhusu. Akatikisa kichwa.

"Maana safari moja, mahali pengine, waliwahi kuturudishia bahasha getini. Wakasema haitoshi. Nilisema moyoni, wazee hawa sio wa hivyo." Sauti yake iliumia kabisa. Alikuwa amempenda huyu mzee kwa siku mbili. "Ungeniambia tu jana nilipokuuliza."

Leonsi akamsukumia bahasha mikononi. Precious akaipokea, akaiona nzito, akaifungua. Maharage matatu yakaanguka barabarani.

"Jafeti," akasema, "pesa zimekuwa maharage."

Jafeti akachungulia. Dereva naye akachungulia, akarudi ndani ya gari upesi, akapandisha kioo, akafanya ishara ya msalaba. "Si niliwaambia?" alisikika nyuma ya kioo. "Hii ndiyo Sumbawanga ya wachawi!"

"Hapana, hapana," Leonsi akapata pumzi. Na kwa kuwa alitaka kueleza jambo la heshima mbele ya mtu wa heshima, akavua kofia.

Upepo wa mlima ule haujawahi kumsubiri mtu. Noti kumi na nne za elfu kumi ziliruka kutoka kwenye kofia, moja ikaenda kwenye majani, mbili mtaroni, nyingine chini ya gari, nyingine zikavuka barabara zikielekea Rukwa kurudi zilikotoka. Leonsi akabaki na upara wake na mkono mtupu.

"Chombo," akasema kwa unyonge. "Mama, ni chombo chako. Kina majina yenu. Ningekirudishaje tupu?"

Precious akamwangalia. Akaiangalia bahasha. Jiwe la jana, kapu, ulezi, samaki, vyote vikamrudia kwa mpigo. Alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa barabara, mkono tumboni, machozi yanamtoka, na Jafeti akacheka kwa kumwona mkewe anacheka.

Kisha wakaanza kuokota. Precious alipata ya kwanza, akampa Leonsi. Leonsi hawezi kupokea kitu bila kupiga makofi, kwa hiyo akapiga makofi mawili, akapokea, "Asante sana, napokea kwa niaba ya kikundi." Jafeti akaleta moja kutoka mtaroni, magoti yanalia. Makofi mawili, "Asante sana, napokea kwa niaba ya kikundi." Precious akaleta nyingine. Makofi. Dereva, akiona hakuna uchawi, akashuka akapata mbili chini ya gari, akaona raha ya mchezo, akazitoa moja moja. Makofi, na tena makofi.

Mwanzoni Leonsi alipokea akiangalia viatu vyake. Kwenye noti ya tano aliangalia mikono ya anayempa. Kwenye ya nane aliinua uso akamtazama Precious machoni.

"Mzee, mbona sasa unaniangalia?"

"Nimezoea," akasema, naye akacheka.

"Bibi yangu kule Tukuyu alikuwa na bakuli moja la bati," Precious akasema, amesimama mbele yake na noti mkononi. "Lilikuwa linakwenda kwa jirani na ndizi, linarudi na maziwa. Alipofariki, jirani alilileta msibani. Limejaa. Sikuwa nimelikumbuka mpaka leo." Akampa ile noti kwa mikono miwili, naye akapiga goti kidogo, kama mtoto wa Kinyakyusa alivyofundishwa.

Hapo ndipo Dominiko na Atusaye walipotokea kichakani, hoi, majani kichwani. Wakamkuta kiongozi wao katikati ya barabara kuu, kofia mkononi, watu watatu wamempangia foleni wanampa pesa, naye anapokea kwa makofi.

"Jamani," Atusaye akasema, "tumemfundisha amepitiliza."

Noti ya mwisho ilikuwa inajiburuta pembezoni kuelekea korongoni. Atusaye akaifunika kwa sufuria. Na akaketi juu ya sufuria, kwa usalama zaidi.

Jumapili baada ya Misa wakakaa kikao, kwa sababu Atusaye akisema kikao ni kikao. Dominiko alikuwa na mguu uliovimba kwa zile mbio. Leonsi alikuja na Fransiska, amevua kofia, ana hofu ya kweli, maana pamoja na yote alikuwa amewakimbiza wenzake mlima mzima na kumaliza chakula cha mtu.

"Nilitaka kumtoa kwa sababu hajui kupokea," Atusaye akasema. "Sasa nimeona anajua kupokea, ila hajui kutulia. Na maharage yangu anayalipa." Akamgeukia Dominiko. "Wewe unasemaje? Unataka kuwa mbele?"

Dominiko alifikiri. "Mimi," akasema, na hii ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa, "nilikuwa mbele yako ile siku kwenye kichaka. Sikuona kitu. Yeye akae mbele. Lakini maharage yawekwe kwenye bahasha kabla gari halijawashwa."

Ikapita hivyo, na mpaka leo ndivyo wanavyofanya. Mgeni akitoa bahasha, Leonsi anapokea kwa makofi mawili, Atusaye anazitoa pesa, Dominiko anamimina maharage, bahasha inarudi kwa mwenyewe palepale. Wageni wengine wanashangaa, wengine wanapiga picha. Leonsi hajali.

Mwezi wa tano mwaka huu, konda wa basi alimpigia simu aende stendi, kuna mzigo wake kutoka Dodoma. Alirudi nyumbani nao kwapani, akaufungua jikoni mbele ya Fransiska. Ndani kulikuwa na bahasha nene, rangi ya maziwa, ina mstari wa dhahabu, imekunjika pembeni kwa kubeba maharage. Ilikuwa imejaa zabibu kavu.

"Na hii karatasi?" Fransiska akauliza.

Leonsi akaisogeza karibu na dirisha. Alisoma taratibu, midomo inacheza, akafika mwisho, akarudia tena kutoka mwanzo.

"Wanakuja mwezi ujao. Watu tisa. Wanasema wanataka mimi niwe mbele, si mwingine." Akakaa kwenye kigoda. Kofia aliivua mwenyewe, na hapakuwa na mgeni. "Ni walewale, Fransiska. Wanarudi."

Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Fransiska akachukua zabibu moja, akaitafuna, akatingisha kichwa kwamba ni tamu.

"Si ulipokea," akasema.